Saa 48 za kuiokoa nyumba iliyoingiwa na maji

Wengi wetu tukisema mafuriko tunamaanisha maji. Yakipungua, tunashusha pumzi, tunaanika magodoro juu ya ukuta wa fensi, tunafagia tope litoke sebuleni, na jirani akiuliza hali tunamjibu kwamba mafuriko yamekwisha. Kwa mwenye nyumba hayajakwisha. Yaliyotokea mlangoni ni maji yaliyokuwa yakionekana. Yaliyonywewa na tofali, lipu, fremu za milango na kifusi kilicho chini ya sakafu yamebaki humo humo, na uharibifu wake ndio kwanza unaanza.

Nyumba hiyo itapona au itakuwa mgonjwa wa kudumu kutegemea kinachofanyika katika siku mbili tatu za mwanzo. Wakala wa Mazingira wa Marekani, EPA, kwa miaka mingi umewaeleza wenye nyumba kwamba kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi ukungu hauoti. Muda huo ukipita, unaota. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, nyumba za New Orleans zilikaa majini kwa wiki kadhaa, na wataalamu wa afya walipokwenda kuzikagua walikuta ukungu wa kuonekana kwa macho katika karibu nusu ya nyumba walizoingia. Ushauri huo wa saa 48 umetolewa katika nchi ambayo mtu hupiga simu, ikaja kampuni na pampu, mafeni makubwa na mashine za kunyonya unyevu hewani. Kwetu pwani, ambako masika huleta mvua, joto na unyevunyevu kwa mpigo mmoja, sioni sababu ya kuamini kwamba tumepewa muda mrefu kuliko wao.

Dar es Salaam ina uzoefu mchungu wa jambo hili. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, hukatiza jiji kupitia Vingunguti, Tabata na Kigogo, hutanuka Jangwani, kisha humwaga maji baharini karibu na Daraja la Salenda. Desemba 2011 ulifurika na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini. Familia nyingi zilizokuwa bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu wakati huo imekuwa kawaida kusikia barabara ya Jangwani imefungwa kila mvua zinapokolea, na karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa hapo hapo imezama zaidi ya mara moja. Kisha ikaja mvua ya El Niño. Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua hizo, 236 wamejeruhiwa, na nyumba zaidi ya 10,000 zimeathirika.

Hesabu ya nyumba 10,000 ni ya siku maji yalipokuwa yamejaa. Nyumba ambazo lipu yake imebanduka Agosti, ambazo waya zake zimeungua Oktoba, ambazo mtoto amekohoa chumbani tangu Mei hadi Krismasi, hazimo. Hizo ndizo ninazozisemea leo, kwa sababu nyingi kati yake zingeweza kuokolewa.

Kwa nini haziokolewi? Fedha ni sababu moja, na ni ya kweli. Lakini sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi ni kusubiri. Mtu anasubiri masika iishe ndipo aanze. Anasubiri watu wa serikali ya mtaa waje kuandika majina, akihofia kwamba akisafisha ataonekana hakuathirika. Mpangaji anamsubiri mwenye nyumba, mwenye nyumba yuko mkoani na anasubiri kutumiwa picha. Kila mmoja ana hoja yake, na wakati wote huo unyevu unapanda ukutani.

Kusafisha hakufuti ushahidi, ikiwa simu imefanya kazi yake kwanza. Kabla ya kugusa kitu, piga picha za kila chumba kutoka mlangoni, kisha sogea karibu: alama ya maji ukutani ikiwa na futi kamba pembeni yake, friji, makochi, kabati lililolala kifudifudi. Zitume mara moja kwa ndugu au rafiki aliye mbali ili zisipotee na simu. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na ukishaimaliza huna sababu tena ya kukaa na tope ndani.

Mwenye bima ana haraka zaidi. Watu wengi waliojenga kwa mkopo wa benki wana bima ya jengo bila hata kukumbuka, kwa sababu benki iliidai. Isome karatasi ya bima hiyo leo, uangalie kama mafuriko yametajwa, kwa maana bima ya moto peke yake si lazima iyabebe. Taarifa itolewe mapema, tena kwa maandishi. Na usidhani kampuni inakutaka ukae umekunja mikono hadi mkadiriaji wa hasara afike. Kwa kawaida mkataba wa bima unamtaka mwenye mali azuie hasara isizidi kukua. Toa maji, toa tope, lakini kabla ya kutupa kapeti kata kipande ukihifadhi, na vifaa vikubwa vilivyoharibika viweke uani hadi vionwe. Mkishindwa kuelewana, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na juu ya kampuni zote ipo mamlaka ya usimamizi wa bima, TIRA.

Nirudi nyumbani, kwa sababu kuna jambo linalotangulia hata picha, nalo ni umeme. Kama meini swichi iko pakavu na unaweza kuifikia bila kukanyaga maji, izime. Kama huwezi, usijaribu. Piga simu TANESCO wakukatie kwenye nguzo, na wote mkae nje. Baada ya maji kutoka, umeme usirudishwe hadi fundi mwenye leseni afungue kila soketi iliyozama. Mwombe ufungue naye mojawapo. Utaona kile kisanduku cha ndani ya ukuta kimejaa tope laini, lenye rangi ya chai ya maziwa, na akivuta waya kidogo maji yatachuruzika kutoka kwenye paipu iliyofukiwa ndani ya lipu. Hayo ni maji yaliyoingia siku kadhaa zilizopita, na yanaweza kukaa humo kwa wiki nyingi yakila shaba ya waya. Soketi ya namna hiyo haianikwi juani ikarudishwa. Inatupwa, paipu inapulizwa hadi ikauke, na waya unapimwa upya. Vivyo hivyo friji, pasi na pampu ya kisima: kuzichomeka ili kuona kama bado zinafanya kazi ndiyo njia ya haraka ya kuziua, na huenda zikamuua na aliyezichomeka.

Kabla ya kuruhusu watu kurudi kulala ndani, izunguke nyumba kwa nje. Tazama kama maji yamekomba udongo chini ya msingi, kama kuna ufa mpya unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, kama mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Fensi iliyoinama isiegemewe na isichezewe na watoto. Nyumba za miti na udongo zinataka tahadhari ya pekee. Aprili 2024, maji ya Mto Rufiji yalipozifunika sehemu za Rufiji na Kibiti, nyumba nyingi za aina hii zilikaa ndani ya maji siku baada ya siku. Ukuta wa udongo unaweza kusimama wima wakati maji yameuzunguka pande zote, kisha ukaanguka maji yanapoondoka, kwa sababu sehemu ya chini imeshalainika na hakuna tena kinachousukuma kutoka upande wa pili. Watu hurudi ndani siku hiyo hiyo wakishukuru kwamba nyumba imebaki. Walale kwa jirani kwanza.

Jambo jingine wenye nyumba hulikosea kwa nia njema kabisa: kuita gari la maji taka linyonye shimo lote wakati ardhi bado imeshiba maji. Tanki lililo tupu ndani ya udongo uliojaa maji linaweza kusukumwa juu au kupasuka. Ngoja ardhi ishushe maji kwanza, na kwa siku hizo tumieni choo cha jirani.

Sasa tope. Tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka na tope likashuka hadi Katesh, likaingia madukani na majumbani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Walioziona picha za siku zile wanakumbuka askari na wananchi wakichimba vyumba kana kwamba wanachimba msingi. Katesh ilikuwa balaa la kiwango kingine, lakini tope la sebuleni kwako lina tabia ile ile: likiwa bichi linatoka kwa beleshi, ndoo na maji, likishakauka linataka tindo na nyundo, na linang'oka na rangi, na tailizi, na kingo za sakafu. Hii ndiyo kazi ya siku ya kwanza, na ndiyo kazi ambayo mtu mmoja haiwezi. Vijana watano wenye mabeleshi mawili na toroli moja huimaliza nyumba ya vyumba vitatu kabla jua halijazama. Mtaa ukikubaliana kuanza na nyumba moja, kisha ya pili, tope lote hutoka likiwa bado bichi. Lisimwagwe mtaroni, maana mvua ya kesho italirudisha.

Maji hayo, niseme wazi, si maji ya mvua. Mjini yamepita kwenye vyoo vya shimo, machemba, majalala na gereji kabla ya kubisha hodi kwako. Kipindupindu na homa ya matumbo tunavijua. Ipo na homa ya mgunda, ambayo wengi waliisikia kwa mara ya kwanza Julai 2022 ilipozuka Ruangwa mkoani Lindi. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi mtu anapokanyaga maji machafu. Kwa hiyo viatu vya mpira na glavu, na mtoto asitumwe kufagia maji akiwa pekupeku. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisichotwe hadi kitiwe dawa.

Kusafisha kuna mpangilio wake. Sabuni na brashi hutangulia, dawa ya klorini hufuata. Anayemwaga klorini juu ya tope anapoteza fedha yake, kwa sababu nguvu yote ya dawa inaliwa na uchafu na vijidudu vinabaki. Ukuta na sakafu vikishasuguliwa na kusuuzwa, ndipo klorini ya dukani iliyochanganywa na maji kama maelekezo ya chupa yanavyosema ipakwe, iachwe dakika kadhaa, huku madirisha yakiwa wazi. Kamwe isichanganywe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala yenye amonia. Hewa inayotoka hapo ni sumu, na inaweza kumwangusha mtu ndani ya bafu dogo kabla hajaelewa nini kimempata.

Hapo ndipo inapokuja saa ya kuamua nini kinabaki na nini kinaondoka, na naielewa huzuni yake. Godoro la sponji lililonywa maji ya chemba halifuliki likawa safi, hata likianikwa wiki nzima. Kapeti nene vilevile. Kabati na vitanda vya mbao za unga wa kugandishwa vikishavimba havirudi. Ondoa mapema, maana vinakaa chumbani vikitoa unyevu. Lakini usitupe mninga wala mkongo. Mbao halisi huoshwa, hufunguliwa droo zote, huinuliwa juu ya matofali, hukaushwa taratibu kivulini penye upepo. Jua kali la saa saba linazipinda na kuzipasua, kisha lawama inawekwa kwa mafuriko.

Karatasi nazo zina njia ya kuokolewa. Novemba 1966, Mto Arno ulifurika ukaingia katika maktaba za Florence, Italia, ukazika vitabu vya karne nyingi ndani ya tope na mafuta. Vijana walijipanga mstari wakivipitisha mkono kwa mkono, vikasafishwa, vikawekewa karatasi za kunyonya maji kati ya kurasa, na vingine vikapelekwa kukaushwa kwenye matanuri ya tumbaku. Tangu wakati huo watunza nyaraka wamejifunza mbinu rahisi zaidi, nayo unaiweza: karatasi iliyolowa na ambayo huna nafasi ya kuishughulikia leo, isuuze kwa maji safi bila kuisugua, itie kwenye mfuko wa nailoni, iweke kwenye friza. Ikiganda, ukungu unasimama. Hati ya nyumba, mkataba wa mauziano, vyeti vya shule vya watoto vinaweza kungoja humo hadi upate muda wa kuviyeyusha kimoja kimoja na kuvikausha kivulini. Kama friza lako limezama, muuza samaki wa mtaa wa juu analo.

Yote haya ni ya siku mbili tatu. Kinachofuata kinataka subira, na ni hapa wenye nyumba wengi waliokwisha jitahidi huharibu kazi yao wenyewe.

Ukuta wa tofali za saruji unanyonya. Maji yakisimama futi mbili, unyevu haukomi kwenye ule mstari wa tope unaouona; unapanda ndani ya tofali na kuupita. Ukiugusa kwa kiganja wiki moja baadaye, uso wake utakuwa mkavu, hasa kama umepigwa jua na upepo. Hapo mwenye nyumba hufurahi, akaita fundi wa rangi. Rangi ya mafuta inapakwa, chumba kinanukia upya, na maji yaliyomo ndani yamefungiwa njia. Baada ya miezi michache rangi inaumuka malengelenge, unga mweupe wa chumvi unachomoza, lipu inalia ukiigonga, kisha inadondoka mapande mapande. Fundi anaitwa tena, anakwangua, anapiga lipu mpya juu ya ukuta ule ule wenye unyevu. Nimeona kuta zilizopitia hali hiyo mwaka hadi mwaka, na kila mara mwenyewe anamlaumu fundi au chapa ya rangi.

Nchini Uingereza, wanaokarabati nyumba za matofali zilizozama hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene wa ukuta. Ni makadirio ya jumla, na kwetu mambo yatatofautiana kwa jua na kwa upepo. Lakini tofali la inchi sita lililoshiba maji haliwezi kuwa tayari kwa rangi ndani ya wiki mbili, na fundi anayekuahidi hivyo anatafuta kazi ya leo na ya mwakani pia.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua kipande cha nailoni nzito inayoonyesha, ukubwa wa futi moja na nusu kila upande. Kibandike ukutani kwa selotepu pana kuzunguka kingo zote, pasiwe na tundu la kupitisha hewa, na kingine ukibandike sakafuni. Acha usiku kucha na nusu ya siku inayofuata, kisha tazama upande wa ndani kabla ya kubandua. Ukiona umande, hata vitone vidogo, au ukibandua ukakuta sehemu ile imekuwa nyeusi kuliko pembeni, ukuta bado unatoa maji. Subiri, urudie baada ya wiki mbili. Nailoni ikibaki kavu mara mbili mfululizo, mahali pawili tofauti, mwite fundi wa rangi.

Wakati wa kusubiri, usaidie ukuta. Lipu iliyolegea na inayolia itolewe yote, kuanzia sakafuni hadi futi moja juu ya alama ya maji, tofali libaki wazi lipate hewa. Kabati zisogezwe mbali na kuta. Dari ya jipsamu iliyolowa ishushwe kabla haijamwangukia mtu. Fungua madirisha ya pande mbili jua linapotoka ili upepo upite, funga mvua inaponyesha, na umeme ukishapimwa na kurudi salama, feni iwekwe dirishani ikitupa hewa ya ndani nje. Nyumba iliyofungwa kwa kufuli "hadi mambo yatulie" ndiyo nyumba ambayo ukungu huota mpaka kwenye dari.

Wazee wa pwani waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa walikuwa na jambo hapa. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za Lamu na za Mombasa zimelowa na kukauka kwa vizazi, kwa sababu chokaa hupitisha unyevu utoke. Zinapopigwa lipu ya saruji juu ya chokaa, kama ilivyofanyika kwa nyumba nyingi, unyevu hukwama ndani na jiwe huanza kuoza nyuma ya uso unaopendeza. Mwenye nyumba ya namna hiyo iliyoingiwa na maji amtafute fundi wa chokaa, na mfuko wa saruji aupitishe mbali.

Ningependa kuona VETA ikiwafundisha mafundi wetu somo la kukausha nyumba sambamba na kujenga. Tuna mafundi hodari wa kupandisha ukuta, na tuna mvua zinazorudi. Ujuzi wa kuurudishia ukuta uhai wake unastahili kuwa kazi inayomlipa mtu, na kila mtaa ulio karibu na mto unastahili pampu moja ya pamoja, ikitunzwa na kuwashwa mara kwa mara, badala ya kila kaya kukimbizana na ndoo.

Kuna nyumba ambazo ushauri wangu hauzihusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na aliyejenga humo anakarabati nyumba ambayo mto utairudia. Serikali ina mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, na wengi wamelipwa fidia waondoke. Aliyelipwa, aondoke kweli. Ambaye bado hajalipwa na hana pa kwenda, asafishe na akaushe kwa ajili ya afya ya watoto wake, lakini asizike akiba yake yote kwenye tailizi mpya.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye nyumba za kupangisha, kwa sababu wao ndio wenye uamuzi na mara nyingi si wao wanaolala ndani. Najua jinsi chumba kilichoingiwa na maji kinavyopakwa rangi harakaharaka ili mpangaji mpya asione mstari ukutani, akalipa kodi ya miezi sita, na ndani ya mwezi mmoja akaanza kununua dawa za kifua. Huo ni udhalimu, hata kama umezoeleka. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 imelitazama jambo hili, na ya Kenya ya mwaka 2012 inafanana nayo: jengo lililopangishwa likiharibiwa na mafuriko pasipo uzembe wa mpangaji, kodi, au sehemu yake inayolingana na uharibifu, inasimama hadi jengo lifae tena kukaliwa. Mpangaji na alijue hilo, aliseme kwa heshima na kwa maandishi, akiambatanisha picha zake. Na wewe mwenye nyumba, vuli inaanza Oktoba. Kama vyumba vyako viliingia maji msimu uliopita, nenda wiki hii na kipande cha nailoni ukavipime, na kitakachoonyesha umande usikipangishe hadi kikauke.